Gurudumu Linalojinywesha

Jumamosi, 4 Aprili

Nimejilaza chini ya mipera tangu adhuhuri. Si kwamba nililala. Nilikuwa nafikiri, ila macho nimeyafumba. Watu wa nyumba hii hawajui tofauti.

Maua yanapukutika. Moja liliniangukia mdomoni, kavu kama karatasi. Tangu watu wa umwagiliaji wabadilishe zamu za maji, mfereji umeshuka, na shamba letu liko juu ya ukingo. Limebaki linayaangalia maji tu, kama mtu wa ghorofani anayemwangalia muuza juisi. Mama yetu, Hajjat Tafida, anasema mipera hii marehemu baba aliipanda mwaka waliooana, na ikifa basi na yeye tumsindikize. Alisema huku akikata vitunguu, kwa hiyo sikujua kama analia.

Alasiri akaja binamu yangu Fikri, shati limepigwa pasi. Kasema atatuletea pampu yake ya dizeli, bure. Nikamkatalia. Mtu anayetoa kitu bure ana lake jambo. Tangu utotoni Fikri ndiye mwenye kila kitu. Ana pampu, ana meno yote, ana nywele. Mimi nina akili.

Alipoondoka nikarudi mahali pangu. Upepo wa joto. Kwa mbali magurudumu ya maji ya upande wa mjini yakiguna, yale yanayoguna toka babu zetu hawajazaliwa. Nikaelea kidogo. Ndipo nikaliona. Gurudumu peke yake, hewani, halina mfereji wala ng'ombe. Juu yake tangi. Maji yanateremka kutoka tangini, yanaligeuza gurudumu. Gurudumu linavuta mnyororo wa makopo. Makopo yanayapandisha maji yale yale hadi tangini, na kiasi kinachozidi kinakwenda kwenye mipera. Hakuna dizeli. Hakuna jasho. Gurudumu linalojinywesha.

Nikafumbua macho. Sijapata kuwa na furaha kama hii nikiwa macho.

Jumapili, 5 Aprili

Nimemweleza Inshirah wakati wa chakula. Dada yangu huyu anafundisha sayansi shule ya wasichana, na wiki hii wako kwenye mada ya nishati. Bahati gani hii.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kile kinachozidi kinatoka wapi. Nikamwambia kinatoka tangini. Akauliza tangini kiliingiaje. Maswali ya kimwalimu.

Akanieleza habari za kazi. Kazi, anavyosema, ni kani unayosukumia kitu mara umbali uliokisukuma. Ukipandisha gunia la unga darini polepole, au ukipanda nalo mbio, kazi ni ile ile. Kinachotofautiana ni nguvu, yaani umeifanya upesi kiasi gani, na nani amefika akihema. Nikamwambia mimi gunia silipandishi kabisa. Akasema hilo analijua.

Nishati haizaliwi wala haifi, akasema, inabadilisha nguo tu. Nikaona ni maneno mazuri ya kuandika ubaoni. Nikamwomba mkate.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimekusanya vifaa. Gurudumu la baiskeli ya marehemu baba. Mnyororo wake. Makopo ya samli. Mapipa mawili, moja la kukaa juu kwenye fremu ya mbao, jingine chini.

Nilikosa vikombe vya kupokelea maji kwenye gurudumu. Nikaingia jikoni mama akiwa anaswali. Pawa zake za kupakulia zina shimo zuri na mpini mrefu, kama vile fundi aliyezitengeneza aliota ndoto kama yangu. Nimezifunga zote kwa waya. Gurudumu limekuwa kama alizeti.

Usiku mama ametupakulia mlenda kwa kikombe cha chai. Ametazama huku na huko kwa muda mrefu. Sikusema kitu. Wavumbuzi wote hupitia kipindi cha ukimya.

Jumatano, 8 Aprili

Jaribio la kwanza.

Tangi la juu lazima lijazwe kwanza, ili gurudumu lipate pa kuanzia. Nimebeba ndoo kutoka mfereji hadi ukingoni, ukingoni hadi shambani, shambani hadi juu ya ngazi. Sikuwahi kufanya kazi kama hii maishani. Mgongo umeita majina ya wazee wote. Nilijituliza kwamba hii ni mara moja tu, kisha kazi itakoma duniani.

Nikafungua bomba. Maji yakateremka. Pawa ya kwanza ikajaa, ikainama kama bibi arusi, ikafuata ya pili. Gurudumu likaanza kuzunguka! Makopo yakapanda moja moja, yakiwa na jua ndani yake. Nilikaa chini kwenye majani. Nikaona shamba zima limelowa, nikaona mapera ya manjano yakining'inia hadi barabarani, watu wakija kutoka Kairo kuniuliza jina langu. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani.

Nilipotazama tena lilikuwa limesimama. Pipa la chini limejaa. La juu tupu. Makopo yalipandisha maji kidogo tu, mengine yote yameshuka yakakaa chini kama wageni wasiotaka kuondoka.

Inshirah alitoka shule akapitia shambani. Hakucheka. Akanishika mkono akaniwekesha kidole kwenye mhimili wa gurudumu. Moto. Akasema ndiyo hiyo ndoo yangu, imegeuka joto. Msuguano umeshachukua fungu lake, na sauti ya mnyororo imechukua lake, na hata bila wezi hao, gurudumu lingeweza kurudisha kile kile kilichoshuka, si tone zaidi.

Nimetafakari maneno yake. Nimefikia uamuzi kwamba tangi liko chini mno. Nitaliinua juu zaidi, na mhimili nitaupaka samli.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimeinua tangi. Maji yanashuka kwa kishindo zaidi. Ila sasa makopo nayo yana safari ndefu zaidi ya kupanda. Limesimama mapema kuliko jana.

Mama anauliza samli imekwenda wapi.

Ijumaa, 10 Aprili

Baada ya sala ya Ijumaa nilipitia mkahawani kunywa chai tu. Nia yangu ilikuwa ni kunyamaza. Lakini Fikri alikuwa pale anawasimulia wanaume habari za pampu yake, jinsi inavyoweza kulowesha shamba zima kabla chai haijapoa, nao wote wanatikisa vichwa. Nikasikia sauti inasema kwamba Jumatatu, sikukuu ya kunusa upepo, watu wanapokula nje, kijiji kizima kije kwenye mipera ya Hajjat Tafida kuona gurudumu lisilotaka dizeli, ng'ombe wala mtu. Sauti ilikuwa yangu.

Halafu kicheko. Mmoja akauliza kama gurudumu hilo ni jamaa yangu, maana nalo halitaki kufanya kazi.

Fikri peke yake hakucheka. Alisema kwa upole atakuja, na ataleta samaki wa chumvi. Kisha akaniuliza kama Inshirah naye atakuwepo. Nikamwambia atakuwepo pamoja na wanafunzi wake. Alinilipia chai. Ananiogopa.

Jumapili, 12 Aprili

Maua yaliyobaki yanahesabika. Mama alikuwa anapita mti kwa mti jioni, anagusa gome la kila mmoja kama anayepima homa. Hakuniona. Nilijisikia vibaya kwa muda, mpaka wazo likaja.

Gurudumu langu ni zuri, ila bado halijajiamini. Linahitaji kusaidiwa siku ya kwanza tu mbele ya watu, kama mtoto anayeshikwa mkono kuingia darasani. Nimechukua kamba ndefu. Ncha moja nimeizungusha kwenye mhimili, zamu nyingi. Nimeipitisha chini ya mkeka, nyuma ya matete yaliyoota kama ukuta, mpaka kwenye hatamu ya Ghandura, punda wetu. Njia yote ya huko nyuma nimeweka mafungu ya majani mabichi. Nikipiga mluzi ataanza: atakula fungu, atasogea kwenye fungu linalofuata, kamba itavutika, gurudumu litazunguka. Hakuna atakayemwona.

Huu si udanganyifu. Ni maonyesho.

Jumatatu, 13 Aprili

Naandika nikiwa darini, mlango nimeufunga.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Hewa laini, imejaa harufu ya vitunguu vya majani na samaki. Familia zimetandika mikeka kando ya mfereji, watoto wanagonganisha mayai ya rangi. Wasichana wa Inshirah wamekaa mstari mmoja, wanatafuna letusi. Fikri amekaa karibu na Inshirah, shati jingine, pasi ile ile. Mama kwenye kiti, katikati.

Nikatoa hotuba fupi. Nikafungua bomba. Nikapiga mluzi.

Likazunguka. Polepole, bila kusita, kama lilivyozunguka siku ile nimefumba macho. Pawa zikimeta, makopo yakipanda, maji yakamwagika tangini na kufurika mpaka kwenye mti wa kwanza. Mzee mmoja akavua kilemba. Mama akaweka kiganja mdomoni na macho yakamlowa, na safari hii hakuwa na kitunguu. Nami nikasahau kabisa kwamba kuna punda. Naapa. Kwa muda ule niliamini, kuliko wote waliokuwepo.

Kisha upepo ukageuka.

Ghandura akainusa letusi. Nilimsikia kabla sijamwona. Matete yakalia, yakalala chini, na yeye akatokea katikati yake akiwa na kamba hatamuni, anatembea kwa adabu kuelekea kwa wasichana. Kamba ikakaza upande usiotakiwa. Gurudumu likang'oka. Fremu ikafuata. Tangi likaegemea, likafikiri kidogo, likaanguka. Gurudumu likaburuzwa mkekani mwa watu likiangusha pawa moja hapa, moja pale, na mama akanyanyuka kwenye kiti akawa anaziokota na kuzitaja moja moja: hii ya mlenda, hii ya dengu, hii alinipa shangazi yako.

Kicheko kilisikika mpaka mjini, nadhani. Msichana mmoja akauliza kwa makini punda anaandikwa sehemu gani ya hesabu. Inshirah akamwambia ndiye mwanzo wa hesabu yenyewe: majani yamekula jua, punda amekula majani, kamba imelivuta gurudumu. Hakuna kilichotoka hewani. Wote wakaandika.

Fikri hakucheka hata hapo. Alikuwa ameinama kwenye matete yaliyolazwa na Ghandura, anatazama kitu chini. Akamwita Inshirah akakitazame. Mimi nikapanda darini.

Jumanne, 14 Aprili

Siko tayari kuonana na watu. Nimegeukia ukuta.

Mama alikuja akaweka chai mlangoni bila kusema. Nilitamani agombe. Kupitia dirisha naiona mipera. Imesimama tu, haimlaumu mtu.

Jioni Inshirah akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwambia kama amekuja na somo, arudi nalo.

"Sikuja na somo, kaka Bahgat. Nimekuja kukwambia kuwa hukukosea kutaka gurudumu. Ulikosea kulitafutia chakula ndani ya tumbo lake lenyewe."

Nikavuta shuka hadi masikioni.

"Mfereji unateremka mbele ya mlango wetu mchana na usiku. Maji mengi yanashuka. Tukiyaomba yale mengi yatusaidie kupandisha machache, hayatakataa. Babu alijua. Unajua Fikri ameona nini kwenye matete?"

Gurudumu la babu. La mbao, kubwa kuliko mtu. Baba aliliacha pale zamani, mfereji ulipopanda na maji yakawa yanaingia shambani yenyewe. Matete yakaota juu yake na sote tukasahau. Mhimili bado mzima.

Nikamwambia vitu vya zamani havina mustakabali. Akasema Fikri ataleta mbao kesho. Akatoka. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, sijui kwa nini.

Ijumaa, 17 Aprili

Wanalitengeneza. Mimi nasimamia, kutoka chini ya mti.

Fikri si mwepesi wa kuelewa kama nilivyodhani. Inshirah amemweleza tofauti ya kazi na nguvu asubuhi, akaonekana ameelewa. Mchana akamwomba amweleze tena. Alasiri akamwomba mara nyingine, polepole. Akamweleza, polepole. Maskini, mtu mwenye pampu yake hajui hata inafanya nini. Ninamhurumia dada yangu kwa uvumilivu wake.

Nilitoa shauri kwamba gurudumu lipakwe rangi ya buluu. Wamesema sawa kisha wakaendelea.

Jumatano, 22 Aprili

Leo wameliteremsha mferejini, pale maji yanapoporomoka kidogo kabla ya kona. Wanaume wengi wamekuja kusaidia, hata wale wa mkahawani. Nilishika kamba pamoja nao. Naandika hili kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika.

Halikwenda mara moja. Lilisimama kama linalojiuliza limekuwa wapi miaka yote hii. Maji yakalisukuma ubavuni. Likaguna. Sauti ile ile ya mbali, ila sasa ni yetu. Likageuka, likachota, likamwaga kwenye mfereji mdogo wa juu, na utepe mwembamba wa maji ukaanza kusafiri kwenye vumbi kuelekea mti wa kwanza, ukisimama kila mahali kama mbuzi.

Pampu ingemaliza kabla ya chakula. Gurudumu limefanya mchana kutwa, na nilipokuwa nakwenda kulala lilikuwa bado linaguna gizani. Inshirah alisema kazi ni ile ile. Limejaliwa nguvu kidogo na subira nyingi.

Alhamisi, 23 Aprili

Asubuhi mapema. Mama amevua viatu anatembea kwenye tope, kutoka mti hadi mti. Kila mpera umelowa miguu. Maua machache yaliyobaki yameshika. Amesimama kwenye mti wa mwisho akaongea na baba kwa muda mrefu. Sikukaribia kusikiliza. Nadhani alimsimulia habari za pawa, maana alicheka.

Ijumaa, 24 Aprili

Fikri amekuja rasmi. Kanzu, mama yake, sinia la keki ya basbusa. Ameketi ukingoni mwa kochi, akaniambia mimi ndiye mkubwa wa nyumba, amekuja kwangu kuomba mkono wa Inshirah.

Nilishangaa sana. Hakuna dalili yoyote niliyoiona.

Kisha nikahesabu: pampu, meno, nywele, na sasa dada yangu. Nani atanipigia pasi mashati? Nani atanisikiliza hadi mwisho kabla ya kukataa? Nikajitayarisha kusema hapana. Nilishafungua mdomo. Inshirah akaingia na chai, akaweka sinia chini, akanitazama.

"Kaka, mimi nimeshasema ndiyo. Yeye ndiye aliyesema haitakuwa ndiyo mpaka itoke kwako."

Fikri akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona anaomba kitu. Hakufanana na mtu mwenye kila kitu.

Nikasikia sauti inasema Mungu awabariki. Ilikuwa yangu. Mama akapiga kigelegele mpaka Ghandura akajibu kutoka zizini. Nami nikaenda nje nikasimama chini ya mipera, nikalia kidogo, kwa sababu ya vumbi la khamsini, upepo ule wa jangwani, ambao leo haukuvuma.

Nikifikiri vizuri, bila gurudumu langu wasingekaribiana. Nilivyopanga mambo haya, hata mimi nimejishangaza.

Jumapili, 26 Aprili

Harusi ni baada ya mitihani. Vyombo vya Inshirah vinatakiwa vipelekwe kwa Fikri: kabati, godoro, jiko, sufuria zote. Mama anataka kukodi gari la mizigo. Nimemwambia asubiri.

Mchana nilikuwa nimejilaza. Gurudumu linaguna, kivuli kinatikisika usoni, nikaelea. Na nikaona mkokoteni wa chuma unakwenda barabarani peke yake, umebeba kabati, hauvutwi na mnyama, hausukumwi na mtu. Mbele yake, kwenye mti mrefu uliofungwa kwenye mkokoteni wenyewe, inaning'inia sumaku kubwa. Sumaku inavuta chuma. Mkokoteni unaifuata. Sumaku nayo inasogea mbele, kwa kuwa imefungwa papo hapo. Mkokoteni hauifikii kamwe. Kwa hiyo hausimami kamwe.

Nikaruka nikakimbilia darasani kwa Inshirah, nikamweleza mbele ya wanafunzi wake. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka chaki chini, akakaa, akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakawa yanamtikisika. Machozi ya furaha. Wasichana wote wakafungua madaftari.

Kesho nakwenda mjini kutafuta sumaku. Kilichobaki cha kufikiria ni breki.